Kidole Hakina Sikio

Yapo mabaraza ya wanamuziki ambako saksafoni ya alto huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Hukumu yenyewe ni fupi: ala hii ni mbovu kwa asili yake, shapu zake hupanda mno, flati zake hazitulii, na kwa hiyo haifai kukaa karibu na fidla, udi wala kanuni. Ipo na hukumu ya pili, itolewayo na watu wengine kabisa. Hao husema kwamba alto haina tatizo lolote. Kila noti ina kibonye chake, na mwanafunzi akishakariri jedwali la vidole kama lilivyochapishwa, kazi imekwisha. Wa kwanza wanailaumu ala, wa pili wanaitukuza karatasi. Kwa juu juu ni mahasimu, lakini wamekubaliana bila ya kujua katika jambo moja, nalo ni kwamba sikio la mpigaji halina kazi. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo linawagharimu vijana wanaojifunza ala hii miaka yao ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka ya kulifunza sikio.

Kwanza ieleweke shapu ni nini na flati ni nini. Shapu ni alama inayopandisha noti kwa nusu sauti. Flati huishusha kwa kiasi hicho hicho. Kwenye piano, G shapu na A flati ni kibonye kimoja cheusi. Kwenye alto nako ni kibonye kimoja, kinachobonyezwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza kwamba majina ni mawili lakini sauti ni moja, akaamini, na pengine akazeeka na imani hiyo. Kumbe kwenye piano ni kweli kwa sababu nyundo na waya havina hiari. Kwenye ala inayopulizwa kwa pumzi na kubanwa kwa midomo, kibonye hutoa mahali pa kuanzia tu. Noti yenyewe hukamilishwa na mpigaji.

Alto ilitengenezwa na Adolphe Sax, Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, aliyepata hataza ya ukoo mzima wa saksafoni mjini Paris mwaka 1846. Kusudio lake kubwa lilikuwa bendi za jeshi, na bendi hizo hupenda funguo za B flati na E flati. Alto ni ala ya E flati: mpigaji akisoma na kupiga C, kinachosikika ni E flati. Kwa bendi ya tarumbeta hilo ni rehema, maana wimbo wa E flati humfikia mpiga alto bila ya shapu wala flati hata moja. Lakini akiketi na wapiga nyuzi mambo hugeuka. Fidla na udi hupenda D, G na A, kwa sababu ya nyuzi zake zilizo wazi. D ya fidla humwangukia mpiga alto kuwa B, yenye shapu tano. A humwangukia kuwa F shapu, yenye shapu sita. Mpiga gitaa akianza wimbo wake kwa E, kama wapiga gitaa wapendavyo, mwenzake wa alto anatumbukizwa katika C shapu yenye shapu saba, au aiandike D flati apate flati tano. Basi wanaosema kwamba alto hupotoka inapokutana na nyuzi wameona jambo la kweli, ila sababu wameikosea. Mpigaji amepewa njia yenye miiba mingi kuliko wenzake, na hakuna aliyemfunza kuipita.

Kupita kunaanzia vidoleni, na hapa wenye kulitukuza jedwali wanapaswa kujibiwa kwa mfano wao wenyewe. Noti B flati ya kati haina njia moja. Ina tatu zitumikazo kila siku. Ya kwanza ni kushika A kwa vidole viwili vya kushoto na kubonyeza kibonye cha pembeni kwa ubavu wa kidole cha shahada cha kulia. Ya pili ni kulaza kidole cha shahada cha kushoto juu ya vibonye viwili kwa pamoja, cha B na kile kidogo kilicho chini yake. Ya tatu ni kidole cha shahada cha kushoto pamoja na cha shahada cha kulia. Mpigaji anayetoka A kwenda B flati kisha B hana budi kutumia njia ya pembeni, kwa sababu akitumia ya pili kidole chake italazimu kiteleze, na mteleziko huo husikika. Anayepiga wimbo wenye flati nyingi, ambamo B ya kawaida haijitokezi, hupata raha katika njia ya pili. Anayeruka kutoka F au D kwenda B flati na kurudi ataishukuru ya tatu. Njia zote tatu hutoa noti yenye jina moja, lakini hazitoi rangi moja, na kwenye ala nyingi hazitoi kimo kimoja. Jedwali huziorodhesha zote, au huonyesha moja na kunyamaza. Kuchagua ni kazi ya mtu.

F shapu ni vivyo hivyo. Njia ya kawaida ni kuinua kidole cha shahada cha kulia na kukiacha cha kati. Njia ya pili ni kuiacha F ilivyo na kuongeza kibonye cha pembeni kwa kidole cha pete. Katika mwendo wa haraka wa F, F shapu, G, njia ya kwanza hulazimisha vidole viwili vipishane hewani, na mara nyingi husikika kigugumizi kati ya noti mbili. Njia ya pili haina mapishano. Msikilizaji asiyejua hudhani mpigaji ana mapigo mabovu, na mwalimu asiyejali humwambia afanye mazoezi zaidi ya kosa lile lile. Hata G shapu, ambayo wengi huiogopa, imetengenezewa msamaha: kwenye ala za siku hizi kibonye chake kinaweza kushikiliwa muda wote wakati vidole vya kulia vinapopiga F shapu, kwa sababu vidole hivyo hukifunga chenyewe na kukifungua vinapoinuka. Mafundi walifikiri kwa niaba ya mpigaji. Ni mpigaji asiyefunzwa anayeendelea kuhangaika.

Sasa turufu ya wanaoilaumu ala ijibiwe. Wanasema D ya kati hupanda, na kweli hupanda. Wanasema C shapu ya kati, ile ipigwayo vidole vyote vikiwa juu, hushuka na kusikika tupu, na kweli hushuka. Wanasema noti za juu kabisa, zipigwazo kwa vibonye vya kiganja, hukimbilia juu kama tiara iliyokatika uzi. Hilo nalo ni kweli. Sababu zake zinajulikana. Bomba la alto ni pia ndefu, nyembamba mdomoni na pana mwishoni, na ili sauti iruke oktava ya juu hufunguliwa kitundu kidogo ubavuni. Kwa haki, kila noti ingehitaji kitundu chake mahali pake. Ala ina viwili tu, ambavyo hubadilishana zamu kati ya G shapu na A. Vitundu viwili vinatumikia noti nyingi, basi baadhi ya noti hupata huduma nzuri na nyingine hupata makombo. Huo ni mkataba wa fundi: angetaka usahihi kamili angetengeneza chombo chenye vibonye vingi kuliko vidole vya binadamu.

Lakini udhaifu unaojulikana si kisingizio tena. C shapu iliyoshuka huinuliwa na kupewa mwili kwa kubonyeza kibonye cha oktava pamoja na kidole cha pete cha kushoto peke yake. D iliyopanda hutulizwa kwa koo lililo wazi na midomo iliyolegea kidogo. Noti za kiganja hushushwa kwa namna hiyo hiyo, na anayezibana kwa hofu ndiye anayezirusha. Mchagua jembe si mkulima. Fidla haina hata alama moja shingoni mwake ya kumwonyesha mpigaji pa kuweka kidole, na hakuna aliyewahi kusema kwamba fidla ni ala mbovu kwa sababu hiyo. Husemwa kwamba mpigaji hajaiva. Alto inastahiki uadilifu huo huo.

Kuna na jambo la kipulizio, ambalo hufanywa kimazoea. Mpigaji huombwa A. Yeye hupiga F shapu yake, husukuma kipulizio ndani ya koki ya shingo au kukivuta nje mpaka noti hiyo moja ikubaliane na wenzake, kisha hukaa akiamini kwamba ala nzima imekaa sawa. Haikukaa. Kukivuta kipulizio ni kulirefusha bomba, na urefu ule ule ulioongezwa ni sehemu kubwa ya noti fupi na sehemu ndogo ya noti ndefu. C shapu iliyo wazi, ambayo bomba lake ni fupi, itashuka zaidi kuliko D ya chini, ambayo bomba lake ni refu. Basi aliyepatanisha noti moja pengine ameharibu tano. Tena ala ya pumzi hupanda kadiri hewa iliyomo ndani yake inavyopata joto. Iliyolinganishwa ikiwa baridi itakuwa imepanda baada ya nyimbo mbili za ukumbi uliojaa watu. Upatanisho hauwezi kufanywa mara moja jioni ukaachwa. Hufanywa katika kila noti, usiku kucha.

Wenye kupenda njia ya mkato hukimbilia mashine ndogo ya kupimia sauti. Mashine hiyo huigawa kila nusu sauti katika senti 100, na oktava nzima katika senti 1,200. Husimama juu ya kipimo cha A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1955 na kuthibitishwa tena mwaka 1975. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na chake, na Ufaransa ilikuwa imejiwekea 435 tangu mwaka 1859. Kwa kazi ya kuanzia, mashine ni msaidizi mzuri. Ila wapo walioifanya kadhi. Mwanafunzi huambiwa aitazame taa ya kijani, na ikiwaka basi noti ni sahihi. Kauli hiyo haina ukweli, na hesabu yenyewe inaikataa.

Nusu sauti zilizo sawasawa ni mapatano ya kibinadamu, yaliyowekwa ili piano moja iweze kupiga funguo zote bila ya kulinganishwa upya. Kwa maumbile, sauti mbili zinapokutana katika uwiano wa tano kwa nne, yaani ile tatu kubwa inayoupa mkusanyiko wa sauti furaha yake, umbali wao ni senti 386. Mashine inataka 400. Tatu ndogo, katika uwiano wa sita kwa tano, ni senti 316. Mashine inataka 300. Chukua basi kile kibonye kimoja cha kidole cha mwisho. Mpiga alto akiombwa G shapu iwe tatu kubwa juu ya E, na anataka sauti zishikane bila ya kutetema, itampasa aishushe senti 14 chini ya taa ya kijani. Akiombwa A flati iwe tatu ndogo juu ya F, itampasa aipandishe senti 16. Kibonye ni kile kile, kidole ni kile kile, na tofauti ni senti 30, karibu thuluthi ya nusu sauti. Aliyefundishwa kwamba majina ni mawili na sauti ni moja hawezi kuisikia tofauti hiyo, na asiyeisikia hawezi kuipiga.

Wala hilo si la mwisho. G shapu hiyo hiyo ikiwa katika mwendo wa wimbo, inapokimbilia A kama mtu akimbiliaye mlango wa nyumbani, wapiga fidla wengi huipandisha ili ikaribie A zaidi. Kwa hiyo ndani ya wimbo mmoja noti moja yaweza kudai kushuka inaposimama na kudai kupanda inapotembea. Mashine haijui kama noti imesimama au inatembea. Sikio linajua.

Hapa mpinzani atasema: ikiwa ni hivyo, basi kila mpotovu ana udhuru, na kila aliyeshindwa kulinganisha ataita ushindi kushindwa kwake. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Mwaka 1959 Ornette Coleman aliingia New York na alto nyeupe ya plastiki, na wanamuziki wenzake waligawanyika: wapo waliosema ni kipaji kipya, wapo waliosema hajui kupatanisha ala yake. Lakini anayemsikiliza kwa utulivu atagundua kwamba noti zake zilizopanda na zilizoshuka hazikuzagaa ovyo. Hulia mahali pa kulia na hukaza mahali pa kukaza, kama sauti ya mwimbaji wa bluzi. Kabla yake Johnny Hodges, katika okestra ya Duke Ellington, alikuwa akizitelezesha noti za alto kutoka chini hadi juu kwa ulaini uliowashinda wengi, na alipofika alipokusudia alifika sawasawa. Hiyo ndiyo tofauti: aliyepotoka hajui alipo, na aliyepindisha anajua atokako na aendako. Udhuru haupatikani kwa kudai. Hupatikana kwa kuweza kuipiga noti hiyo hiyo kwa unyoofu, mara kumi kwa kumi, unapoombwa.

Kwa wasikilizaji wa pwani, jambo hili lina uzito wa ziada. Simulizi mashuhuri ya Unguja ni kwamba taarabu ilichukua mizizi yake zama za Sayyid Barghash kutoka Misri, pamoja na kanuni na maqamu zake. Ndani ya maqamu kadhaa mna noti ambazo si shapu wala flati kamili, bali huketi katikati. Rast ikianzia C ina E iliyoshushwa nusu ya flati na B iliyoshushwa hivyo hivyo. Kwa mpiga alto, noti hizo mbili huangukia kati ya C na C shapu, na kati ya G na G shapu. Hapana kibonye hapo. Ndipo wenye jedwali wanaposema haiwezekani, na wenye kuilaumu ala wanaposema waliijua tangu mwanzo.

Inawezekana, na imekwisha fanywa. Huko Misri Samir Suroor alijulikana kwa kuzipiga robo sauti kwa alto akiwa miongoni mwa fidla na kanuni. Kusini mwa India, Kadri Gopalnath, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufariki mwaka 2019, aliitumia alto kwa muziki wa Karnataka, ambao noti zake hutikiswa na kuvutwa kuliko karibu muziki wowote duniani, naye aliifanyia ala yake marekebisho ili imtii. Upande wa Ulaya, Edison Denisov aliandika robo sauti ndani ya sonata yake ya alto na piano mwaka 1970, na Jean-Marie Londeix, aliyeandikiwa sonata hiyo, alichapisha baadaye kitabu chenye mishiko ya vidole ya robo sauti. Kuziba matundu yaliyo chini ya tundu lililo wazi hushusha noti kidogo. Midomo na koo humaliza kilichosalia. Ni kazi ya miaka, sawa na ilivyo kwa udi.

Ajabu ni kwamba wanaoikataa alto kwa sababu ya robo sauti hukikaribisha kinanda cha umeme bila ya swali. Kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 lilibishana kwa ukali juu ya kuziingiza ala za Ulaya, na piano ilikuwa katikati ya ubishi huo kwa sababu noti zake hazisogei. Kinanda, kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani, ni piano hiyo hiyo, na kodiani nayo haina njia ya kusogea. Maqamu ikipigwa juu yake hukatwa noti zake za katikati, na mwimbaji aliyelelewa na kanuni hulazimika kukifuata kinanda au kugombana nacho mbele ya watu. Alto inayolaumiwa ndiyo inayoweza kumfuata mwimbaji huyo hata kwenye robo yake. Aliyeiweka nje ya zulia na kukiketisha kinanda mahali pa heshima amepima kwa mizani iliyopinda.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa sana. Mshairi anaweza kuhesabu mizani nane kwa nane, vina vikaitikiana kila ukwapi na kila utao, na shairi likakataa kuimbika. Hakuna anayezitupa mizani kwa sababu hiyo, na hakuna fundi anayedhani kwamba mizani ndiyo shairi. Jedwali la vidole ni hesabu ya mizani. Lina faida yake, na asiyelijua hajaanza.

Basi yanayodaiwa kwa walimu wa alto, popote wafundishapo, si makubwa. Mwanafunzi aimbe noti kwa sauti yake kabla ya kuitafuta kwa vidole. Afunzwe njia zote tatu za B flati katika mwezi mmoja, pamoja na sababu ya kila moja, badala ya kuachwa aigundue ya pili baada ya miaka mitano. Apige noti ndefu juu ya uzi mmoja wa udi au kanuni unaolia bila ya kukoma, mpaka asikie mtetemo baina ya sauti mbili ukipungua na kutoweka. Apewe G shapu juu ya E, kisha A flati juu ya F, aulizwe kilichobadilika. Mashine itumiwe mwanzo wa somo, halafu ifungwe sandukuni. Na kabla ya kutamka tena kwamba alto ni ala mbovu, msemaji aombwe kwanza aseme ni noti ipi, katika wimbo upi, na imepanda au imeshuka. Akishindwa kujibu, hukumu yake isichukuliwe.